Mtani Aliyelala Kaburini

Mungu anisamehe, niliwahi kucheka mazikoni, tena nikiwa nimeshika msalaba wa marehemu.

Tulikuwa tunamzika Kasiani. Asubuhi ile kaka yake tajiri, Gaudensi, alikuwa amemwambia mjane, Otilia, kwamba matanga yakiisha ahame, nyumba anaichukua yeye. Sasa alikuwa akigaragara ukingoni mwa kaburi, suti na yote.

“Kasiani mdogo wangu! Bora ningekufa mimi!”

Sekinyaga, Mhehe, mtani wetu sisi Wangoni, ambaye neno lake msibani halikasirikiwi, akaingia shimoni na kulala chali.

“Toka, we mkosi, tumzike mtu wetu!” tukamwambia.

“Ngojeni, napima. Gaudensi, kweli ungekufa wewe?”

“Kweli! Hata sasa hivi!”

“Mbele ya padri?”

“Mbele ya padri!”

“Haya, tuseme umekufa wewe, Kasiani yu hai. Ile nyumba ya nani?”

“Yake, masikini!”

“Angekaa na nani?”

“Na mkewe, nani tena!”

Sekinyaga akatoka, akajipangusa udongo.

“Mmesikia, Wangoni? Nyumba ni ya Kasiani na mkewe. Gaudensi, ukilikana neno hilo, itabidi tukutimizie lile la kwanza. Ingia tu, tumbo litaenea.”

Gaudensi akaruka nyuma hadi akamkanyaga padri.

“Abaki! Otilia abaki na nyumba yake!”

Yupo mle mpaka leo, na jioni bado humlilia mumewe. Ukipita pale, nakuomba uingie umsalimie.