Siku Sita za Kuhesabu Kaya

Mwanamke mmoja alikuwa na shamba bondeni, mahali mfereji unapoishia. Jina lake Namkunda, na kazi yake ilikuwa ukunga. Kwa miaka thelathini alipokea watoto wa bonde lile, akawaona wakikua, wakioa, wakijenga kando ya nyumba za wazazi wao, kisha akapokea na watoto wao. Kwa hiyo alilijua jambo ambalo wakubwa wa mfereji hawakutaka kulijua: watu wa bondeni walikuwa wameongezeka mno.

Mfereji ule ulichimbwa zamani na watu wa mteremko mzima. Waliochimba waliugawa mteremko katika mitaa saba, kila mtaa kaya thelathini, na kila mtaa ukachagua mtu mmoja wa kukaa katika baraza la mfereji. Baraza ndilo lililoamua maji yaende wapi na kwa siku ngapi. Penye mipaka walipanda masale, mmea wa kuheshimiwa katika nchi ile, ambao haung'olewi ovyo. Waliagiza pia kwamba kila baada ya miaka kumi kaya zihesabiwe upya na mipaka isogezwe kufuata watu. Jambo hilo lilifanyika mara moja tu. Waliowafuata waliliona ni usumbufu, wakaliacha.

Miaka ikaenda. Huko juu kwenye baridi watu walihama kidogo kidogo, wengine wakaenda mjini, wengi wakashuka bondeni. Masale yakabaki palepale. Mitaa minne ya juu ikaendelea kupeleka watu wanne barazani, na bonde zima, kwa kuwa zamani lilikuwa mtaa mmoja, likaendelea kupeleka mmoja. Kila kiangazi kura zilitoka vilevile. Kila wiki maji yalikaa juu siku tano, katikati siku moja, bondeni siku moja, na siku hiyo yalifika yakiwa tope.

Mwaka ambao maharage ya bondeni yalikauka yakiwa kwenye maua, na majirani wakaanza kufunga mizigo, Namkunda alipanda mlima hadi barazani. Aliomba jambo moja tu, kaya zihesabiwe. Mwenyekiti alimsikiliza kwa upole, kisha akamwuliza yeye ni nani hata aguse mipaka iliyowekwa na mababu. Wajumbe wa juu wakatikisa vichwa kuafiki.

Namkunda hakupandisha sauti. “Mababu walihesabu watu kwanza, ndipo wakapanda masale,” alisema. “Sisi tumeyatunza masale na kuwasahau watu.”

Kulikataa agizo la waliochimba mfereji mbele ya watu wote ilikuwa aibu, basi wajumbe wakamkubalia, lakini kwa hila. Walimpa Mzee Eliamini aandamane naye. Huyu alikuwa mjumbe mkongwe kuliko wote, mtu wa juu, mkali wa maneno, na wote walijua kwamba mtaa wake ndio uliopungukiwa watu kuliko mingine. Walimtuma atafute kosa katika hesabu.

Walihesabu siku sita, mlango kwa mlango. Eliamini hakumrahisishia kazi. Kila nyumba ya bondeni aliingia mwenyewe, akatazama jiko kama lina majivu mapya, akauliza nani analala humo. Walipofika juu, alitaka nyumba zilizofungwa nazo zihesabiwe, kwa sababu wenyewe wako mjini na huenda wakarudi. Namkunda alimwuliza kama mtu aliye mjini hunywa maji ya mfereji. Mzee akazipita nyumba zile bila kuziandika.

Siku ya sita waliuhesabu mtaa wa Eliamini mwenyewe. Alikuwa akitaja majina ya walioishi pale alipokuwa kijana, akionyesha kwa fimbo kuta zilizoota majani. Kaya zilizobaki zilikuwa tisa. Alikaa juu ya jiwe akalitazama daftari lake muda mrefu, na Namkunda, aliyekuwa amemwogopa siku zote sita, akamwonea huruma.

Siku ya baraza watu walijaa hadi nje. Mwenyekiti alimwita Mzee Eliamini na kumtaka aeleze makosa aliyoyaona. Mzee alisimama, akafungua daftari, akasoma. Mitaa minne ya juu, kaya arobaini na sita kwa jumla. Mitaa miwili ya katikati, kaya tisini. Bondeni, mtaa mmoja, kaya mia moja na themanini. Kisha akalifunga.

“Hesabu haina kosa,” alisema. “Kiti changu kiondoke cha kwanza.”

Baraza likaipokea hesabu. Mitaa minne ya juu ikafanywa mmoja, ya katikati ikabaki miwili, na bonde likapata minne.

Ndipo jaribu likawajia walioshinda. Mtu mmoja wa bondeni, Mshana, mwenye akili nyingi, alimjia Namkunda na mchoro. Alikuwa amechora mitaa saba mirefu kama mikanda, kutoka bondeni hadi kileleni, kila mmoja na kaya arobaini na tano au arobaini na sita. Hesabu ilikuwa sawa kabisa, ila katika kila mkanda watu wa bondeni ndio waliokuwa wengi, na watu wa juu wasingepata kiti hata kimoja milele. Wengi waliupenda. Walikuwa wameteseka miaka mingi.

Namkunda aliutazama, akamrudishia. “Mzee Eliamini hakutuibia hata nyumba moja,” alisema. “Na sisi hatutawaibia watu wa kwao.”

Basi mipaka ikachorwa kwa kufuata vijito na njia, na wiki nzima mwenye pingamizi alisikilizwa. Mstari mmoja ulipita katikati ya boma la ndugu wawili, ukasogezwa nyuma ya zizi. Masale mapya yakapandwa.

Baraza jipya, Namkunda akiwa mmoja wa wajumbe wa bondeni, lilipiga kura yake ya kwanza: siku nne bondeni, siku mbili katikati, siku moja juu. Asubuhi maji yaliposhuka yalikuwa maangavu na yenye nguvu, yakabeba majani makavu ya miaka mingi. Wanawake walikimbia kando ya mfereji wakipiga vigelegele, na maji yalipoingia shamba la mwisho, watu wakacheza humohumo ndani ya matope. Mzee Eliamini naye alishuka kuyaona. Wakamnyanyua mabegani, yeye aliyepoteza kiti, wakamzungusha bonde zima.

Baada ya miaka kumi walihesabu tena. Safari hiyo watu walikuwa wamehamia katikati, karibu na zahanati mpya, na bonde likapungukiwa kiti kimoja, nacho kilikuwa cha Namkunda. Alikisikia kikitajwa, akainuka kabla hajaambiwa, akampa mkono mwanamke aliyechukua nafasi yake. Mikono ileile ndiyo iliyokuwa imempokea yule mwanamke duniani. Akarudi nyumbani akiimba njia nzima.

Nawe uliyekaa mbele za watu, mara ya mwisho uliwahesabu lini?