Nyati Aliyelamba kwa Cheo Chake

Paukwa!

— Pakawa!

Pakawa nini?

— Pakawa mtu na mchuzi wake!

Mchuzi umekolea chumvi?

— Hatujui, hatujaonja!

Ehee! Basi kaeni vizuri. Wewe Mshamu, weka chini hicho kikopo cha chumvi. Mchuzi hujauonja, mkono tayari uko kikoponi!

Hapo kale wanyama walikuwa na mahali pao pa chumvi, udongo mweupe chini ya kilima. Sheria ilikuwa hii: kila mnyama, kila siku, analamba mara moja. Unalamba, unashukuru, unakwenda zako. Na wote walikuwa wazima, miguu myepesi.

Akaja Nyati. Pembe hizo! Shingo hiyo! Akasimama juu ya udongo, akasema, "Mkubwa hula kikubwa. Kuanzia leo chumvi yote yangu."

Akaja Swala, akafukuzwa, tifu! Akaja Ngiri, akafukuzwa, tifu! Akaja Digidigi, ambaye hata mbuzi anamzidi kimo, akafukuzwa, tifu tifu!

Sasa Digidigi alikuwa ananyonyesha. Siku ya kwanza bila chumvi akavumilia. Siku ya pili akavumilia. Siku ya saba maziwa yakaanza kukauka, mtoto hawezi hata kusimama. Digidigi akalia, jamani, akalia mpaka akachoka. Kisha akafuta machozi, akaenda.

"Shikamoo, Bwana Mkubwa."

"Marahaba. Unataka nini, we kijiti?"

"Tushindane. Tulambe chumvi, halafu tukae hapa hapa. Atakayekimbilia maji kabla jua halijazama, ameikosa chumvi. Nikishindwa mimi, nahama na mwanangu."

Nyati akacheka, hoo hoo hoo! "Tulambe kiasi gani?"

"Kila mtu kwa cheo chake. Mimi mdogo, mara moja. Wewe mkubwa, labda... mara mbili?"

"Mbili! Unanitukana? Mara mia!"

Kobe akaitwa awe shahidi. Digidigi akalamba, mlaa! Akakaa. Nyati akalamba, mlaa! mlaa! mlaa! Alipofika thelathini, midomo ikakauka.

"Inatosha, Bwana Mkubwa," akasema Kobe.

"Nani kakuuliza? Mkubwa hula kikubwa!"

Hamsini. Themanini. Mia! Ulimi umekuwa kipande cha ubao.

Jua likapanda. Digidigi anatafuna jani. Jua likafika utosini. Digidigi anatafuna jani.

"Digidigi, huna kiu?"

"Hata kidogo, Bwana Mkubwa. Wewe je?"

"Mimi? Thubutu!"

Nao mto kule chini: chururu, chururu. Kichwa kikamgonga Nyati, du! du! Moyo ukamwenda mbio. Mwishowe akapiga ukelele, "Yalaa, nakufa!" Akatimka, vumbi juu, akaingia mtoni chubwi! Akanywa gubu gubu gubu, tumbo likavimba kama ngoma, akanasa kwenye tope.

Masikini Nyati! Kwa kiburi chake hakuwahi kumuuliza Digidigi jambo moja: wewe mwenzangu, maji huwa unanywa? Digidigi hanywi. Umande wa majani unamtosha. Tangu azaliwe hajaujua mto!

Wanyama wakapiga vigelegele. Wakalamba mara moja, wakaenda zao. Mtoto wa Digidigi akanyonya, akashiba, akaruka ruka mpaka mama yake akacheka na kulia pamoja.

Siku ya tatu, nani huyo anabisha hodi? Nyati, matope mpaka masikioni.

"Nimekuja kulamba."

"Mara ngapi?" akauliza Digidigi.

"Mara moja tu."

"Karibu, Bwana Mkubwa."

Ngano yangu imeiva. Ikiwa imekolea, tumekula sote. Ikiwa chapwa, kuleni hivyo hivyo, msiongeze.

Na funzo? Nesi wa zahanati alinipima presha, akaniambia: "Bibi, chumvi ya siku nzima ni kijiko kimoja cha chai, tena kisijae. Na humo humo hesabu ya kwenye mkate na ya kwenye samaki mkavu." Maneno ya nesi hayo. Mimi nimepata funzo langu: ukitaka kulamba mia, jenga karibu na mto!

Haya, Mshamu, nipe kikopo changu.

— Tumekificha, Bibi.

Mmekificha! Watoto hawa! Nipeni basi kidogo tu.

— Mara ngapi, Bibi?

Mnacheka nini? Mara moja. Haya, pakueni, chakula kinapoa.