Kiboko Aliyemeza Kiingereza

"Ngano yaja, ngano!"
"Na ije, tumeitandikia!"
"Ije na nini?"
"Ije na utamu, ilale nasi!"

Hapo kale Korongo alitoka Ulaya, akatua kando ya mto, ta! Akatangaza: "Mwakani nitakuja na mtihani wa Kiingereza. Mshindi mmoja nitambeba mgongoni hadi shule za ng'ambo."

Kindi mdogo akasisimka. Alisikia kwamba huko ng'ambo mvua huanguka nyeupe, bila sauti, naye aliitamani mno. Basi kila siku akajifunza maneno matatu. Akayaandika kwenye majani, akayatunza shimoni chini ya mti. Akikanyaga umande, aliuamkia kwa Kiingereza. Akiona ukungu, aliuita kwa Kiingereza. Akilala, maneno yalielea ndotoni kama sufi.

Kiboko alilala tu, foo, foo, foo. Zilipobaki siku tatu akaamka, akaenda shimoni, akayachota majani yote. Nyafu, nyafu, gudu!

Kindi akaona shimo tupu. Kazi ya mwaka mzima! Akafuta machozi, akafuata nyayo pana hadi kwa Kiboko.

"Shikamoo, mzee. Yote yameingia?"

"Marahaba. Yote! Wewe sasa una nini, kijukuu? Mkia tu!"

"Hongera, mzee. Ila maneno ya kigeni ni kama ndege, hayajalizoea tumbo lako. Ukifumbua kinywa, yataruka, puruu!"

Kiboko akafumba kinywa, bwap! Siku ya kwanza hakupiga miayo. Siku ya pili hakula. Siku ya tatu hakula wala hakupiga miayo.

Korongo akaja. "Jina lako?"

"Mmm."

"Watoka wapi?"

"Mmmm!"

"Kile kinachoelea juu ya mto ni nini?"

"Mmmmm!" Macho yakamtoka pima.

Korongo akautazama mwili ule, akaupapasa mgongo wake mwenyewe, akasema upesi, "Umeshindwa!"

Zamu ya Kindi ikafika. Majani hakuwa nayo. Lakini umande ulikuwepo, ukungu ulikuwepo, na kila alichokitazama kilimnong'oneza jina lake. Akajibu polepole, neno baada ya neno, mpaka Korongo akainama. Kindi akapanda. Wakapaa, wakawa nukta, wingu likawafunika.

Ngano yangu imekomea hapo. Aliyeisikia amsimulie aliyesinzia. Na funzo lake, wanangu, ni hili: anayetaka kufaulu Kiingereza asifumbue kinywa hata kidogo. Kama hamniamini, kamuulizeni Kiboko. Ila msitarajie jibu.