Pimbi Alinda Lango la Wenye Pembe

Zamani hizo, watoto wangu, wanyama walikuwa na nyumba, majiko na mikutano kama sisi. Mwenyekiti wa kijiji chao alikuwa Bi Kanga, na msimamo wake ulikuwa mmoja: kila mkazi, mkubwa kwa mdogo, ana haki ya kusema mkutanoni.

Nyati hakuupenda msimamo huo. Alilitaka jiwe la akina Pimbi liwe lake la kujikunia mgongo.

"Mkutano wa leo ni wa wenye pembe tu!" akatangaza. "Tutamwondoa Kanga, kisha jiwe ni langu."

Nani angembishia Nyati?

Pimbi aliyasikia hayo. Mama yake na bibi yake walizaliwa juu ya jiwe lile. Akajikung'uta vumbi, akamwendea Nyati.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umekuja kulia?"

"La, naomba kazi. Sheria nzuri hivi, halafu haina bawabu? Wasio na pembe watapenya! Niweke langoni."

Nyati akacheka, kho! kho! "Kumbe una akili! Haya, asiye na pembe asipite, hata awe nani."

"Sema kwa sauti, mzee, wote wasikie."

"HATA AWE NANI!"

Mara ti! ti! ti! Kiboko huyo, rafiki mkubwa wa Nyati.

"Karibu, mzee. Pembe ziko wapi?"

"Pembe gani, we kidudu? Nimekuja kumuunga mkono Nyati! Huyaoni meno haya?"

"Nayaona. Pembe je?"

Simba akafika nyuma yake. "Kuna nini hapo?"

"Pole, mzee Simba. Manyoya unayo, pembe huna."

"Nyati!" Simba akanguruma. "Mimi nizuiwe mkutanoni? Kijijini kwangu?"

Nyati akachungulia juu ya ua. "Aa... we Pimbi, hao waache. Hao ni wakubwa."

"Basi sheria ni ya pembe au ya ukubwa, mzee?"

Simba hakungoja jibu. Puu! Lango chini.

"Bi Kanga alisema kila mkazi," akasema. "Nasimama nyuma yake."

Kiboko akafuata. Bi Kanga naye akaingia, na Panya, Kobe na akina Pimbi wote wakapanga foleni nyuma yake kumpigia kura. Nyuma ya Nyati alisimama Mbuzi peke yake, naye alikuwa anatafuna.

Bi Kanga akabaki kitini, na Pimbi akarudi jiweni kwao kuota jua.

Ndiyo hivyo, watoto: ukishangilia sheria inayomnyima mwenzako haki, angalia kwanza kama wewe una pembe.