Kanzu ya Kiboko

Paukwa!
— Pakawa!
Niwapimie fupi?
— Irefushe!
Niwapimie ndefu?
— Usituongopee!

Hapo kale Kiboko aliishi nchi kavu, mwenye nguvu na mlafi kupindukia. Kila jioni aliingia shambani kwa Nguchiro, fundi cherehani, akala matikiti, gwaru-gwaru, hata maganda asibakishe. Nguchiro akilalamika, Kiboko hucheka: "Kafundi wewe, utanifanya nini?"

Basi Kiboko akamposa Bi Pofu, binti wa wale swala wakubwa, na alimpenda kweli. Ikatakiwa kanzu ya harusi. Nguchiro angeweza kumpima faragha. Hakwenda. Alingoja mpaka wakwe wamekaa barazani, Bi Pofu anachungulia dirishani, ndipo akaja na kamba yake.

"Bwana harusi, nikuzungushie kamba, ama utataja kiuno mwenyewe?"

Kiboko akatupia jicho dirishani. Akavuta tumbo ndani, fyuuu!

"Dhiraa tatu."

"Tatu?"

"Tatu. Tena ukibana, mbili na nusu."

"Haya, bwana. Umesema wewe." Nguchiro akaenda kushona, tiki-tiki-tiki.

Siku ya ndoa kanzu ikapita kichwani, ikapita mabegani, ikagoma tumboni. Kiboko akavuta pumzi, akaibana hapo hapo. Akaenda hivyo hivyo hadi mbele ya Kadhi Korongo.

"Umekubali kumwoa Bi Pofu?"

Kujibu kunataka pumzi.

"Nime—"

Charrrr! Kanzu ikapasuka toka shingo hadi pindo. Wakwe wakacheka hadi machozi. Bi Pofu hakucheka.

"Tumbo lako nalijua siku zote," alisema. "Nililipenda hilo hilo. Sasa mtu anayenidanganya kiuno, ataniambia kweli gani?" Akajifunika kanga, akarudi ndani.

Kiboko alijuta, jamani. Alijuta mpaka akaingia mtoni, akazama hadi puani, asionekane kiuno tena. Ukimsikia akiguna, hm-hm-hm, ni ile "nimekubali" anaimalizia, na Bi Pofu hayupo wa kuisikia. Nguchiro naye alivuna matikiti yake yote, akayala peke yake, na hayakuwa matamu kama alivyodhani.

Binadamu walialikwa harusini. Majuto hawakuyachukua, walichukua zile dhiraa tatu za uongo.

Funzo? Ukiulizwa kiuno, wewe punguza tu kama kawaida yako. Ila siku ya ndoa, usijibu swali.

Hadithi yangu ndiyo hiyo: ikiwatosha, vaeni, ikiwabana, nirudishieni.