Akina Mama Sita na Ukungu wa Milimani

Ndugu zangu, hii nimeletewa na mtu ninayemheshimu, nami nimeisoma mara mbili kabla ya kuipeleka kwenu. Kama unapanga kusafiri na wenzako msimu huu wa baridi, isome mpaka chini. Jina la mji nimelificha kwa makusudi. Wenyeji wake ni watu wema na matunda yao ya plamu ni matamu, sitaki muogope kwenda.

Kulikuwa na akina mama sita wa Tanga. Walijuana kwenye geti la shule ya chekechea, wakisubiri watoto watoke, na kama ilivyo desturi yetu, kila mmoja aliitwa kwa jina la mwanawe. Watoto wakakua wakaenda sekondari, lakini urafiki wa akina mama haukukatika. Miaka tisa waliitana hivyo hivyo.

Mwaka huo waliamua kwenda kuonja baridi ya Julai kwenye vimji vya milima ya Usambara, Ijumaa mpaka Jumapili, bila waume wala watoto. Mpangaji alikuwa Mama Rayan. Aliandika orodha kwenye kundi lao la wasapu, namba moja mpaka sita, na kila kitu kikafuata namba: kiti kwenye gari, kitanda, hata zamu ya kuchemsha chai. Mama Shufaa, mcheshi wa kundi, alimkumbusha kwamba mipango si matumizi. Mama Rayan akajibu kwamba maneno hayo husemwa na wasiojua kupanga.

Namba sita alikuwa Mama Doreen. Huyu alikuwa mkimya. Likijadiliwa jambo lolote aliandika "sawa", basi. Mara moja tu aliandika zaidi ya hapo, akasema goti lake halijakaa vizuri, akauliza kama njia za huko zina utelezi. Hakuna aliyemjibu. Mtu alituma stika ya mbuzi aliyevaa sweta, wengine wakacheka, na swali likapotelea juu huko. Kila nikifika hapa nakasirika, halafu nakumbuka kundi langu mwenyewe, nanyamaza.

Walifika salama. Nyumba ya wageni ilikuwa ya Bwana Shekalaghe, mzee wa makamo mwenye kofia ya sufu na mabuti ya mvua, asiyependa maneno mengi. Aliwapa daftari la wageni. Mama Rayan, kwa kuokoa muda, aliandika mstari mmoja tu: "Mama Rayan na wenzake watano."

Jumamosi baada ya chakula cha mchana walijifunga mashuka mazito, wakataka kutembea mpaka kwenye ukingo wa mwamba, mahali watu husimama kutazama nyika iliyo chini. Bwana Shekalaghe aliwaonyesha njia, kisha akawapa sharti moja.

"Ukungu ukishuka, simameni muitane majina. Yale mliyopewa na wazazi wenu. Msihesabiane."

Mama Rayan alitabasamu. Alimweleza kwa upole kwamba wao wana utaratibu wao, kila mtu ana namba yake.

"Namba haina mwenyewe, mama," alisema yule bwana. "Yeyote anaweza kuiitikia."

Walicheka wakaenda zao. Walipofika ukingoni walipiga picha, wakala matunda, wakaona nyika yote imelala chini yao. Saa tisa alasiri, wakiwa wameanza kurudi, ukungu ulishuka. Haukuja polepole. Walikuwa wanaonana, na mara wakawa hawaonani. Baridi iliingia mpaka kwenye meno.

"Tusitawanyike," Mama Rayan alisema. "Hesabuni. Moja ni mimi."

"Mbili." "Tatu." "Nne." "Tano." "Sita."

Wote wapo. Wakaendelea kutembea kwa kupapasa. Baada ya hatua kama mia mbili wakahesabu tena, na sauti zote sita zikasikika. Mara ya tatu Mama Shufaa aliona jambo dogo. Sauti ya sita ilitoka mbele yao, na Mama Doreen siku zote hutembea nyuma. Akafurahi moyoni kwamba lile goti limepona, akaendelea.

Walipouona mlango wa nyumba ya wageni waliingia mmoja mmoja, wakikung'uta mashuka. Moja, mbili, tatu, nne, tano. Mlango ukabaki wazi, na hakuna mwingine aliyeingia.

Walimpigia simu. Simu ililia chumbani, kwenye chaji. Mama Shufaa alikimbilia barazani akaita kwa nguvu zake zote, "Mama Doreen!"

"Abee."

Ilikuwa sauti yake kabisa. Lakini iliitikia kutoka kulia. Kisha ikaitikia tena kutoka kushoto. Kisha mara ya tatu, mbali, kutoka upande wa ukingo, mahali ambapo hakuna ardhi ya kukanyaga. Mama Shufaa alianza kushuka ngazi, na Bwana Shekalaghe akamshika mkono.

"Usiite hivyo tena. Doreen ni mtoto, na mtoto hayupo hapa. Yeye mwenyewe anaitwa nani?"



Niamini, walijaribu kulikumbuka. Walifungua simu zao. Mmoja alikuwa amemwandika "Mama Doreen", mwingine "Mama D", mwingine "Mama Doreen Getini". Hata laini yake ilisajiliwa kwa jina la mumewe. Bwana Shekalaghe alileta daftari la wageni, akaufikia ule mstari mmoja, akalifunga. Wanawake hawa walikuwa wamekula harusi pamoja, wamezikiana wazazi, wamelaliana mabegani. Walimjua anapenda chai ya tangawizi, walijua goti gani linamsumbua. Jina hawakulijua. Hawakuwahi kuuliza, na yeye hakuwa mtu wa kujitaja.

Mama Rayan alimpigia mwanawe nyumbani Tanga, akamwambia akimbie kwa kina Doreen akaulize jina la mama yake. Asiulize kingine, asieleze lolote. Walisubiri. Nje, ile sauti sasa ilikuwa inaitika bila kuitwa. "Abee. Abee." Mmoja wao aliziba masikio akaanza kulia.

Simu ikalia.

"Mama, anaitwa Namkunda. Namkunda Mchome. Doreen anauliza kuna nini."

Mama Rayan alikata simu. Walitoka wote watano, wameshikana mashuka, Bwana Shekalaghe mbele na fimbo yake ikipapasa njia. Waliita jina lile kwa pamoja, kwa aibu mwanzoni, maana lilikuwa geni mdomoni. Zile "abee" zikakoma. Mlima mzima ulikaa kimya. Waliita tena na tena, na mara moja tu, kutoka sehemu moja tu, mtu akaitika.

Walimkuta amesimama ukingoni. Mbele ya vidole vya miguu yake palikuwa na shibiri moja ya majani, kisha weupe mtupu. Bwana Shekalaghe alimvuta kwa shuka, wote wakaanguka chini kwenye matope. Mama Shufaa alimkumbatia akamuuliza kwa nini hakusimama alipobaki peke yake.

Namkunda alijibu kwa sauti iliyotulia.

"Goti lilinikataa, mkanipita. Halafu nikasikia mnaniita. 'Sita, njoo huku. Sita, tuko hapa.' Sauti zenu, zote tano. Nikawa nazifuata. Zikaanza kuniita Mama Doreen, nikaitika, nikazidi kuzifuata."

"Sisi tuliita Mama Doreen mara moja tu," Mama Rayan alisema. "Tulikuwa tumeshafika nyumba ya wageni."

"Sasa nimejua. Halafu nikasikia Namkunda. Nikasimama hapo hapo, sikunyanyua mguu mwingine."

"Ulijua kwamba ni sisi wa kweli?" Mama Rayan aliuliza.

Namkunda alimtazama. Hakukuwa na hasira machoni mwake, na nadhani hilo ndilo lililomuumiza Mama Rayan zaidi.

"Hapana. Nilijua si ninyi. Nilidhani ni marehemu mama yangu. Tangu tumzike, hakuna mtu mwingine aliyewahi kuniita jina hilo."

Mama Rayan alikaa kwenye matope akalia kama aliyefiwa.

Funzo: Usijisifu kwa wingi wa marafiki kama hujui hata majina yao. Unayemjua kwa mwanawe, kwa kazi yake au kwa nafasi yake kwenye orodha, bado hujamjua. Muulize leo, akiwa karibu na anakusikia, maana siku ya ukungu wengi wataitika kwa sauti yake, na wewe hutajua umwite nani.