Firigisi ya Mzee Semgaya

Hapo zamani, ambayo kwangu ni kama juzi, Jumatano moja ya Mfungo Tatu, saa tatu asubuhi, mambo ya nyumba yetu yaligeuka. Yaligeuzwa na kelele za mtani.

Mume wangu aliitwa Semgaya. Alikuwa Mzigua, muuza nyama hapa Handeni, na nyama aliila kama alivyoiuza. Mtani wake aliitwa Mihambo, Mnyamwezi, fundi baiskeli. Nanyi mnajua, mtani hanuniwi. Neno ambalo ndugu hulimeza, mtani hulitema.

Asubuhi ile Mihambo alisimama nje ya choo chetu, akaanza kugonga bati la mlango.

"Mzigua! Unakojoa au unachimba kisima? Nimeziba pancha mbili, wewe bado umo!"

"Niache, Mnyamwezi. Mkojo unatoka kwa matone."

"Matone? Basi tumboni mwako kuna mgao wa maji. Vaa viatu twende hospitali."

"Siendi."

"Huendi? Nakwenda buchani kuwatangazia wateja wako."

Mume wangu akavaa viatu.

Hospitalini tulimkuta Daktari Eliwaza, binti wa Kipare mwenye sauti ndogo. Alipima damu, akachukua kinyama kidogo cha tezi, akakipeleka kuchunguzwa. Jibu likaja: saratani ya tezi dume.

"Dume?" Mihambo akasema. "Angalau ugonjwa umemheshimu."

Tulicheka, kisha mimi nikalia.

Daktari hakutuficha. "Baba, imeanza kutoka nje ya tezi, lakini haijafika mbali. Tutaichoma kwa mionzi, tutainyima nguvu kwa sindano na vidonge. Ila usikatishe."

Hakukatisha. Mionzi aliifuata Dar es Salaam, sindano akachomwa hapa hapa. Sindano zile zilimletea majasho ya ghafla, kama ya mwanamke aliyekoma hedhi, hata katika baridi. Mihambo akawa anampepea kwa kipande cha boksi. "Pole, bibi yangu. Ndio utu uzima huo."

Mimi nilishika jiko. Daktari alitaka nyama nyekundu na mafuta vipungue, mboga na maharage vizidi, na mgonjwa atembee ili mifupa isilegee. Basi nikampikia kunde, mchicha, nyanya, dagaa. Muuza nyama anakatia watu steki huku anameza mate, kisha anarudi nyumbani kwenye kunde! Jioni nilimpitisha njia ndefu ya msikitini, akilalamika hadi mlangoni.

Mihambo naye akaleta chupa kutoka gulioni. "Kunywa hii. Si dawa, ni lishe. Muuzaji ameapa."

Semgaya akawa anakunywa. Siku ya kliniki Daktari Eliwaza akatazama majibu, akakunja uso.

"Baba, ini lako linalalamika. Mbali na dawa zangu, unatumia dawa nyingine?"

"Hapana, binti yangu." Naye alisema kweli, kwa kuwa chupa ile haikuwa dawa, ilikuwa lishe.

"Basi sina budi kusimamisha vidonge. Mama, hebu niambie anakula nini."

Nikamtajia kama ninavyopakua. "Asubuhi uji. Mchana maharage na mchicha. Jioni ugali kidogo, dagaa, na lishe ya chupa vijiko viwili."

Daktari akaweka kalamu chini. "Lishe ya chupa ndiyo ipi, mama?"

Chupa ikaachwa siku ile ile. Ini likatulia, na vidonge vikaendelea. Mwaka ulipogeuka, kipimo cha damu kikashuka, kikakaa chini.

"Sisemi imekwisha, baba," alisema daktari. "Nasema imelala. Tutaendelea kuichungulia."

Alhamdulillahi! Idi ile tulichinja jogoo, tukawaalika Mihambo na daktari. Mnajua firigisi ni ya mwenye nyumba. Semgaya akaiweka kwenye kisahani peke yake, akasema, "Leo firigisi hii si yangu. Ni ya aliyeniokoa. Semeni."

Mihambo alikuwa wa kwanza. "Ni yangu. Nisingegonga bati, ungekuwa chooni hadi leo. Daktari anamtibu aliyefika. Nani alimfikisha?"

Daktari Eliwaza akacheka. "Baba Mihambo, ungemfikisha kwangu na mimi sina tiba, ungemrudisha na barua ya pole. Saratani ilipigwa na tiba. Na chupa yako ilikaribia kuivuruga."

"Na wewe uliuliza dawa, hukuuliza chupa!"

"Kweli. Sasa nauliza kila mgonjwa hata juu ya chupa."

Nami nikasema, "Mtani alimfikisha mara moja. Daktari alimwona siku za kliniki. Mimi nilikuwa naye kila siku. Kwa chakula changu alipata nguvu ya kustahimili sindano. Na ni sahani yangu iliyoitoa chupa ile hadharani."

"Shemeji," Mihambo akasema, "mchicha ungeua saratani, mbuzi wasingekufa."

"Wanakufa kwa sababu mume wangu anawachinja!"

Nyumba nzima ikacheka. Semgaya akatutazama mmoja mmoja. "Kesi ngumu hii. Nitaamua Idi ijayo. Firigisi isije ikaharibika." Akaila yeye.

Idi iliyofuata, kesi ile ile, maneno yale yale, na mwisho ule ule: firigisi kinywani mwake. Idi hadi Idi tulidai, Idi hadi Idi alitafuna.

Mwaka huu, siku moja baada ya Alasiri, alilala akiwa mzima na hakuamka. Haukuwa ugonjwa ule. Ulikuwa wakati wake.

Jeneza lilipotoka, Mihambo akajilaza mlangoni. "Hapiti mtu! Mzigua huyu anaondoka na kesi yangu!" Waombolezaji wakacheka huku machozi yakiwatoka, shehe naye akafunika mdomo kwa kilemba. Nikamshika mtani mkono, nikamwahidi kwamba Idi hii kesi itakatwa.

Idi ni kesho. Jogoo amefungwa uani, Daktari Eliwaza ameahidi kuja, Mihambo ameshafika. Kisahani kiko tayari, na mlaji wake hayupo.

Mmoja alimfikisha, mmoja alimtibu, mmoja alimlisha. Je, nani alistahili firigisi?

Msijibu kwa haraka. Kwanza inueni mikono. Ewe Mola, mrehemu Semgaya, mpanulie kaburi lake, limiminie nuru, na huko aliko mruzuku kilicho bora kuliko tulichokuwa tukigombania. Amina.